Philip Gosse: Mtu Aliyeitia Bahari Ndani ya Kioo

Ukimwambia mvuvi wa Lamu au wa Shimoni kwamba wako watu wanaokaa mamia ya maili mbali na pwani, na huku wanafuga bahari ndani ya nyumba zao, huenda akadhani unamfanyia mzaha. Bahari kwake ni ile inayojaa na kupwa, yenye bamvua na maji mafu, inayompa riziki leo na kesho ikamnyima. Haifungwi ikafungika.

Hata hivyo, kufuga samaki nyumbani si jambo geni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na birika la maji ya kuogea, na ndani yake wenyewe walitia visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika hupachikwa bakuli la kauri, ili maji yakipunguzwa au yakioshwa, visamaki vibakiwe na mahali pa kujihifadhi. Huo ni ufundi wa wazee wetu, nao ulikuwa na hekima yake. Lakini wale ni samaki wa maji baridi. Bahari ni habari nyingine.

Sasa chukua mfano wa mtu wa pwani aliyepelekwa na kazi Sirisia, katika Bungoma, chini ya Mlima Elgon na karibu na mpaka wa Uganda. Kutoka hapo mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Mtu huyo akitamani kuwa na kipande cha bahari barazani kwake, chenye mwamba, mwani, kaa na samaki wa rangi, leo jambo hilo linawezekana. Na limewezekana kwa sababu ya watu wachache walioishi zaidi ya miaka 150 iliyopita, na mashuhuri zaidi miongoni mwao ni Philip Henry Gosse. Maisha yake yanastahili kusimuliwa hapa pwani, maana yana faida na yana onyo, na onyo lenyewe linatuhusu sisi kuliko watu wengi.

MTOTO WA BANDARINI

Gosse alizaliwa Uingereza, katika mji wa Worcester, tarehe 6 Aprili, 1810. Baba yake, Thomas, alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za watu, akizunguka mji hadi mji akitafuta wateja, na kipato chake kilikuwa cha mashaka. Jamaa hiyo ilihamia Poole, mji wa bandari, na huko ndiko mtoto alikokulia, katikati ya majahazi, kamba, lami na harufu ya samaki.

Katika jamaa yake alikuwamo shangazi aliyeitwa Susan Bell, mwanamke aliyependa viumbe. Mtoto akiokota kitu ufukweni humpelekea shangazi, naye humweleza. Ni shangazi huyu aliyemwonyesha anemoni wa baharini, yule kiumbe laini anayeshika mwamba na kunyoosha vidole vyake kama ua lililochanua, na akamshauri awatie katika chombo cha maji ya bahari, ayabadilishe maji mara kwa mara, awatazame wanavyoishi. Neno la mtu mzima kwa mtoto hukaa. Mwanamke yule hakujua kwamba amepanda mbegu ambayo ingeota baada ya miaka thelathini.

Umaskini ulimtoa Gosse shuleni mapema. Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, alivuka bahari kwenda Newfoundland, kisiwa cha wavuvi huko Amerika ya Kaskazini, kuwa karani katika nyumba ya biashara ya samaki. Alikaa huko miaka minane akiandika hesabu za mapipa na za madeni ya wavuvi. Mwaka 1832 alinunua mnadani kitabu cha zamani kuhusu darubini ya kutazamia vitu vidogo, na tangu siku hiyo akawa mtafuta elimu ya viumbe. Mwaka huo huo ndio alioishika dini ya Kikristo kwa nguvu zake zote. Mambo mawili hayo, viumbe na Muumba wao, hayakuachana moyoni mwake mpaka alipoingia kaburini.

ULIMWENGU ALIOUONA

Kutoka Newfoundland alikwenda Canada mwaka 1835 kujaribu kilimo, na kilimo kikamshinda. Mwaka 1838 akashuka mpaka Alabama, kusini mwa Marekani, kuwafundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba. Alikaa miezi michache tu. Wadudu na maua ya nchi ile yalimfurahisha, lakini utumwa ulimtia uchungu. Aliona binadamu wakipigwa mijeledi kwa pamba, na baadaye akaandika wazi kwamba ni dhuluma. Sisi watu wa pwani, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, tunajua uzito wa habari kama hiyo, na hatuna ruhusa ya kuisoma kana kwamba ni ya watu wengine peke yao.

Alirejea Uingereza mwaka 1839 akiwa hana mali. Kitabu chake cha kwanza, juu ya viumbe wa Canada, kilitoka mwaka 1840. Mwaka 1844 alikwenda Jamaica na kukaa hadi 1846, akikusanya ndege na viumbe wengine. Huko alipata msaidizi, kijana mweusi aliyeitwa Samuel Campbell, mwenye jicho kali na mkono mwepesi, na Gosse akamtaja kwa jina na kwa sifa katika maandishi yake. Jambo hilo lilikuwa adimu zama zile. Wasafiri wengi walioandika habari za nchi zetu hawakuona haja ya kutaja majina ya waliowaongoza njia.

Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, mwanamke msomi na mwandishi wa vijitabu vya dini, na mwaka 1849 wakapata mtoto wao wa pekee, Edmund. Gosse alikuwa mtu wa kazi isiyokatika. Aliandika mchana na usiku, akichora mwenyewe picha za vitabu vyake, mpaka afya ikamvunjika. Mwaka 1852 matabibu wakamshauri aondoke katika moshi wa London aende pwani. Akaenda Devon, kusini magharibi ya Uingereza. Basi ugonjwa ukawa sababu ya heri: ukamrudisha kwenye miamba na vidimbwi vya utoto wake.

WALIOMTANGULIA

Haki ni kusema kwamba Gosse hakuwa wa kwanza. Huko Messina, katika kisiwa cha Sisilia, mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power alitengeneza masanduku ya kioo mwaka 1832 ili amchunguze pweza mdogo anayekaa ndani ya kombe jembamba jeupe. Wanazuoni walikuwa wakibishana iwapo pweza yule huliunda kombe lile mwenyewe au hulinyang'anya kwa mwingine. Mwanamke yule aliyatoboa makombe, akangoja, akaona pweza wakiziba matundu kwa kazi yao wenyewe. Ubishi ukaisha.

Mwaka 1846 mwanamke mwingine, Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alichukua matumbawe madogo ya bahari ya baridi kutoka Torquay mpaka London, na akayaweka hai kwa kuwaamuru watumishi wayamimine maji kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha, ili yapate hewa. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington akaeleza kwamba samaki, mimea na konokono wakiwekwa pamoja kwa kiasi, kila mmoja humfaa mwenziwe: mmea humpa samaki hewa ya kuvuta, na konokono hula kilichooza. Na ilikuwa imesaidia pia kwamba mwaka 1845 serikali ya Uingereza iliondoa kodi ya kioo, na kioo kikawa rahisi.

Gosse alifanya nini basi? Aliyaunganisha haya yote na ujuzi wake wa pwani, akayatia katika lugha ambayo kila mtu aliweza kuisoma, na juu yake akachora picha za rangi zilizowapumbaza watu. Neno lenyewe, akwaria, ndiye aliyelieneza. Zama zile wengine walitumia maneno mengine marefu na mazito. Yeye akalishikilia hili fupi, na dunia ikamfuata.

MWAMBA, MWANI NA MAJI

Tuitazame kazi yake, maana ndimo ulimo ufundi.

La kwanza alilolijua ni kwamba mwani si kama mti wa bara. Mti hunyonya chakula kwa mizizi. Mwani hunyonya kwa mwili wake wote, na kile kinachofanana na mzizi ni mkono wa kushikia tu. Kwa hiyo ukiung'oa mwani kwenye mwamba umeuua. Gosse aliteremka maji yalipokupwa sana, akiwa na nyundo na patasi, akakata kipande cha mwamba chenyewe pamoja na mwani wake, akakibeba kilivyo. Akauchagua mwani wa kijani na mwekundu, akauacha ule mkubwa wa rangi ya udongo, kwa sababu ule ukifungwa hutoa utelezi, ukaoza na kuyaharibu maji.

La pili ni mpango wa mawe. Chombo chake kilikuwa sanduku la vioo juu ya sakafu ya jiwe. Mawe huwekwa kwanza, yakakaa imara sakafuni, ndipo vitu vingine vifuate. Jiwe likiwekwa juu ya mchanga, kaa akichimba chini yake huporomoka na kupiga kioo. Yapangwe yakiacha mapango na vivuli, kwani kiumbe wa mwambani asiye na pa kujificha hadumu. Waliotaka kujenga tao la mawe kwa saruji walilazimika kuliroweka katika maji na kuyabadilisha kwa siku nyingi, mpaka ukali wa chokaa utoke, ama sivyo viumbe hufa.

La tatu ni maji. Maji yateke mbali na mto na mbali na taka za mji, tena katika chombo safi kisichotoa ladha. Maji yakipungua kwa kukauka, usiongeze ya bahari. Ongeza ya mvua au ya kisima, kwa sababu kinachoondoka ni maji na chumvi hubaki. Mpishi yeyote aliyewahi kuacha mchuzi jikoni ukakauka anaifahamu elimu hii. Na hewa nayo iingizwe: wengine waliyachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, wengine wakatundika chombo chenye tundu dogo kikidondosha matone mchana kutwa.

Gosse aliwakusanyia viumbe wale wa Bustani ya Wanyama ya London, na mwezi Mei, 1853, bustani hiyo ikafungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa watu wote kutazama. Mwaka 1854 kikatoka kitabu chake chenye jina hilo la akwaria, na mwaka uliofuata akatoa kijitabu cha maelekezo kwa wafugaji wa nyumbani.

BAHARI ISIYOTOKA BAHARINI

Lakini mtu wa bara afanyeje? Pipa la maji ya bahari kulisafirisha hadi katikati ya nchi ni gharama, na njiani maji huchafuka. Hapa Gosse alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Alichukua hesabu ya mkemia aliyepima maji ya bahari ya Brighton, akaipunguza mpaka mambo manne: chumvi ya kawaida wakia 3 na nusu, chumvi ya Epsom robo wakia, na kiasi kidogo cha chumvi mbili nyingine, moja ya magnesi na moja ya potasi, yote katika galani moja pungufu kidogo ya maji baridi. Akachanganya, akachuja, akatia mawe yenye mwani kwanza. Akangoja siku kadhaa mpaka mwani ukaizoea nyumba yake mpya, ndipo akatia wanyama. Wakaishi. Mwaka 1854 akaitangaza kanuni hiyo bure, kwa kila mwenye kutaka.

Tangu hapo bahari haikuwa tena milki ya waliozaliwa kando yake. Mtu wa Sirisia leo hununua chumvi iliyokwisha kuchanganywa viwandani, yenye vitu vingi zaidi ya vile vinne, akapima kiasi cha gramu 35 kwa kila lita moja, yaani chombo cha lita 100 huhitaji kilo 3 na nusu hivi. Lakini msingi ni ule ule wa Gosse.

MAFANIKIO NA MADHARA YAKE

Kitabu kiliuzwa kama mikate ya moto ya mwezi wa Ramadhani. Kilimletea faida ya zaidi ya pauni 900, fedha nyingi sana kwa zama zile, na mwaka 1856 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanazuoni wa Uingereza. Kila mwenye nyumba nzuri akataka akwaria sebuleni. Reli mpya zikawashusha watu pwani kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na ndoo na patasi, na wengi wao wameshika kitabu cha Gosse mkononi.

Wakavigonga vidimbwi vile vya mwambani, wakang'oa, wakabeba. Walio wengi hawakuwa na subira aliyokuwa nayo mwalimu wao. Viumbe wakafa katika masanduku, yakanuka, yakatupwa, na mwenyewe akarudi pwani kuchukua wengine. Baada ya miaka michache, pwani ambazo mawimbi yalizilea kwa karne nyingi zilikuwa zimeparuzwa.

Gosse aliishi mpaka akayaona hayo kwa macho yake. Mwanawe, Edmund, ambaye utotoni alifuatana na baba yake akiingia majini mpaka kiunoni, aliandika kitabu mwaka 1907 kuhusu maisha yao wawili. Humo akaeleza kwamba uharibifu ule ulimuumiza sana baba yake, naye alijua kwamba ameuanzisha yeye kwa nia njema. Hapo ndipo ulipo uzito wa maisha haya. Mharibifu hakuwa adui wa bahari. Alikuwa ni mtu aliyeipenda kuliko wote, akawafundisha wengine kuipenda, na mapenzi yakafika kabla ya adabu.

MWAKA WA MSIBA

Mwaka 1857 ulikuwa mzito kwake. Bibi Emily aliugua saratani ya titi. Walimtegemea tabibu mmoja wa Kimarekani aliyekuwa London, ambaye dawa zake za kupaka zilimtesa mgonjwa pasipo kumponya. Alifariki tarehe 10 Februari, akimwacha mume wake na mtoto wa miaka saba.

Mwaka huo huo Gosse akatoa kitabu alichokitarajia kuliko vyote. Wachunguzi wa mawe walikuwa wakisema kwamba umri wa dunia ni mkubwa mno, na kwamba ndani ya miamba mna mifupa ya viumbe waliotoweka zamani za zamani. Gosse, aliyeyashika maandiko kwa ufahamu wake wa herufi kwa herufi, akatafuta njia ya kuyapatanisha. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu kikiumbwa kikamilifu hakina budi kubeba alama za umri ambao hakikuupitia, mfano wa mti ulioumbwa mkubwa ukiwa na duara zake za miaka, au Adamu akiwa na kitovu ilhali hakuzaliwa na mama. Kadhalika miamba, alisema, iliumbwa na mifupa ndani yake.

Alidhani ataleta sulhu. Badala yake pande zote mbili zilimkataa. Wanazuoni walicheka, na hata rafiki yake Charles Kingsley, kasisi na mwandishi, aliona kwamba hoja hiyo inamfanya Muumba kuwa ameandika katika mawe jambo lisilo kweli, na hilo hakuweza kulikubali. Kitabu hakikununuliwa. Miaka miwili baadaye, 1859, kikatoka kitabu cha Darwin juu ya asili ya viumbe, na ulimwengu ukaenda njia nyingine.

Msomaji aliyelelewa chuoni kwa mwalimu hatashindwa kuiona huzuni ya jambo hili. Mtu huyu aliyatazama maumbile maisha yake yote akiyaona kuwa ni ishara za Mola wake. Jicho lake halikukosea juu ya kaa wala mwani. Ugumu ulimjia pale alipotaka kuilazimisha ishara iseme alichokwisha kukiamua. Twaweza kutofautiana naye katika dini na katika hoja, na bado tukauheshimu unyofu wake.

MABOMBA YA LLOYD

Kazi ya akwaria haikusimama. Aliyeipeleka mbele ni William Alford Lloyd, mfanyabiashara wa London aliyefungua duka la viumbe wa bahari na vyombo vyao. Gosse alikuwa hodari wa mwamba. Lloyd akawa hodari wa mabomba. Aliona kwamba maji machache yaliyosimama huchoka, na kwamba dawa yake ni akiba kubwa ya maji gizani. Akajenga birika chini ya ardhi, kubwa mara nyingi kuliko vyombo vya juu. Pampu hupandisha maji, hupita chombo kwa chombo yakipata hewa, kisha hurudi birikani kupumzika. Alisimamia hivyo Hamburg mwaka 1864, London katika jumba la Crystal Palace mwaka 1871, na mpango wa akwaria ya Naples iliyofunguliwa mwaka 1874 ni wake. Shaba alijiepusha nayo, maana maji ya chumvi huila shaba na sumu yake huua viumbe laini.

Hata leo nyumba ndogo ya bahari hufuata ramani hiyo hiyo. Juu kipo chombo cha kioo, chini ya meza kipo cha pili. Maji humwagika kwa mdomo wa juu, hushuka kwa bomba la plastiki, husafishwa, kisha pampu huyarudisha. Fundi wa Sirisia ajihadhari na mambo matatu. Kwanza, umeme ukikatika, bomba la kurudishia maji litavuta kinyumenyume na kumwaga maji sakafuni. Atoboe kitundu kidogo katika bomba hilo, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie na kuukata mvuto, na chombo cha chini akiachie nafasi ya kupokea maji yatakayoshuka. Pili, asitumie viungo vya shaba wala vya chuma kilichopakwa zinki, na maji ya mvua yaliyopita juu ya bati yana zinki vile vile. Tatu, usiku wa nyanda zile ni wa baridi, na viumbe wa bahari yetu wamezoea joto la nyuzi 25 hadi 29; hana budi kuweka kipasha maji.

Na mwamba? Elimu ya baadaye imetufahamisha jambo ambalo Gosse hakuliona kwa darubini yake. Ndani ya vitundu vya mwamba hukaa vijidudu visivyoonekana, vinavyoigeuza sumu ya kinyesi cha samaki kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliuonyesha ulimwengu kwamba mwamba ulio hai pamoja na mapovu ya hewa hutosha kulisafisha birika la bahari. Kwa hiyo mwamba si pambo. Ndiyo mashine yenyewe. Upangwe kwa ulegevu maji yapite katikati, na samaki wasitiwe mpaka mwezi mmoja au zaidi upite, vijidudu vile vipate kuenea.

KWETU PWANI

Hapa onyo la Gosse linatufikia. Mwenye kutaka mwamba asiende kuuvunja baharini. Pwani yetu imesimama juu ya matumbawe ya kale, yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita na kuachwa nchi kavu bahari iliposhuka. Ndiyo mawe yaliyojenga Gedi na nyumba za Lamu. Ni mepesi, yana vitundu tele, na ukiyaosha na kuyaroweka, vijidudu vitahamia humo vyenyewe. Jiwe la machimboni likitolewa halipunguzi nyumba ya samaki hata mmoja.

Matumbawe hai ni amana nyingine. Mwaka 1968 Malindi na Watamu zilitengwa kuwa hifadhi za bahari, miongoni mwa zile za mwanzo katika Afrika. Hifadhi huzuia patasi, lakini haizuii joto: mwaka 1998 maji yalipashika kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani hii yakawa meupe yakafa. Yaliyobaki hayahimili tena mapenzi ya watu wa ndoo.

Gosse mwenyewe alihamia St Marychurch, karibu na Torquay, mwaka 1857, na mwaka 1860 akamwoa Eliza Brightwen, aliyemtuliza. Aliandika kitabu kikubwa juu ya anemoni wa Uingereza, akafuga okidi, na uzeeni akarudia wadudu wa majini wasioonekana kwa macho. Edmund alikua, akaacha njia ya dini ya baba yake, akawa mtu mashuhuri wa fasihi. Kati yao palikuwa na mapenzi na palikuwa na umbali. Alifariki tarehe 23 Agosti, 1888, akiwa na miaka 78.

Alituachia elimu ya kuchukua kipande cha bahari tukakiweka mbele ya macho yetu. Na vidimbwi vya Devon vikatuachia nusu ya pili ya elimu hiyo, ambayo yeye aliijua kwa kuchelewa: kwamba anayechukua kutoka baharini apime kwanza anachokiacha.